Jembe Likitundikwa, Usukuma Hutoka Nje

Masika yakishakatika mwishoni mwa Mei, Mwanza na vijiji vyake hubadilika sura ndani ya wiki chache. Majaruba ya mpunga hubaki mabua matupu, pamba hupelekwa kwenye mizani, na viazi vitamu huchimbwa, hukatwa na kuanikwa juu ya mawe. Shule hufunga mwezi Juni. Julai mvua huwa adimu kabisa, na kwa kuwa Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jua la mchana halichomi kama la pwani na usiku mtu hutafuta sweta. Kisha huja Sabasaba na Nanenane, sikukuu mbili ambazo hata tajiri mgumu hulazimika kuwapa watu wake ruhusa.

Huo ndio msimu wa vijana kutoka kwa makundi. Wanafunzi waliorudi likizo, wanakwaya, wanachuo wa Malimbe, mafundi gereji waliochangishana nauli tangu Mei, wote wanatafuta pa kwenda. Wapo wanaopanda miamba, wapo wanaovuka kwenda visiwani, wapo wanaobeba hema na sufuria na kwenda kulala ufukweni. Wengine hawana mpango wowote zaidi ya kuondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni wakiwa na njaa na hadithi.

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba safari za kujifurahisha porini na majini ni mambo ya watalii kutoka Ulaya, na kwamba Mtanzania akifunga safari basi ana msiba, harusi au biashara. Kanda ya Ziwa ina ushahidi wa kutosha wa kuipinga dhana hiyo, na sehemu kubwa ya ushahidi huo imehifadhiwa juu ya kilima cha mawe, huko Bujora.

Marafiki wenye namba zao

Kutoka katikati ya jiji la Mwanza hadi Bujora ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Daladala humshusha abiria Kisesa, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu au bodaboda hadi kilimani. Juu kuna Makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianza Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Tangu miaka ya 1950 alikusanya vitu, ngoma na habari za kale kwa msaada wa wazee wa Usukuma wenyewe, na mwaka 1968 makumbusho yakawa tayari. Kanisa la parokia liko hapohapo, la duara, likifuata umbo la nyumba ya Kisukuma. Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi.

Mgeni anayepita haraka anaweza kukosa kifaa kimoja kidogo kilichomo humo: silinda ya kuzungushwa kwa mkono, iliyoandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila namna ilikuwa ya rika fulani. Vijana walihesabu kwa maneno yao wenyewe, ambayo mtu wa nje ya rika hakuyaelewa, na aliyeyajua alitambulika kuwa mwenzao. Zama hizi kila kundi la marafiki lina kikundi chake cha WhatsApp. Vijana wa Usukuma walikuwa na namba zao za siri muda mrefu kabla ya simu.

Rika halikuwa la kupiga soga tu. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaongoza katika kazi za pamoja za shamba na katika ngoma. Pamoja na hayo palikuwa na vyama vya ngoma vyenye kazi maalumu, na ukizichunguza kazi zenyewe utaona kwamba zilikuwa za hatari hasa. Bayeye walikuwa mabingwa wa nyoka: walijifunza kuwakamata, kumtibu aliyeumwa, na kucheza na chatu hadharani. Banunguli waliwinda nungunungu, waharibifu wakubwa wa mashamba, kwa kuwafuata hadi ndani ya mashimo yao. Wachezaji wa bugobogobo walilima kwa mdundo wa ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Mavuno yakiisha, majembe hayohayo yaligeuka vyombo vya mchezo. Hadi leo mchezaji hodari hulirusha jembe juu, hulizungusha, hulidaka kwa mpini na kulirusha tena bila kupoteza mdundo, huku wenzake wa kushoto na kulia wakifanya vivyo hivyo umbali wa mkono mmoja tu. Jembe la mmoja likienda kombo, anayeumia ni jirani yake.

Hakuna aliyejiunga na Bayeye leo na kesho akamvaa chatu shingoni. Mafunzo yalitangulia, na siri za dawa zilitolewa hatua kwa hatua. Chama kilikuwa na wakubwa na wadogo, masharti na adhabu. Kwa maneno mengine, kadiri mchezo ulivyokuwa wa hatari, ndivyo kundi lilivyokuwa na taratibu kali zaidi.

Vyama hivyo hujigawa katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanazirudisha pande hizo kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kuonyesha nani mwenye dawa kali kuliko mwenzake. Wafuasi wao wakaupeleka ushindani huo uwanjani, na haujaisha. Kila mwaka, karibu na Sikukuu ya Ekaristi, ambayo huwa siku 60 baada ya Pasaka, Bujora hufurika watu kwa sherehe ya Bulabo. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hapana jaji aliyekaa mezani na kalamu; watazamaji wakihamia upande wa pili, umekwisha. Ndiyo sababu wachezaji huja na kila kituko wanachokiweza, kuanzia nyoka hadi michezo ya sarakasi, na ndiyo sababu vijana kutoka mjini huenda Bulabo kwa makundi na kurudi hawana sauti.

Kwenye matale

Kundi lisilo na nauli ya kwenda mbali lina miamba. Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na jina halikutiwa chumvi. Nyumba zimekaa katikati ya mawe, njia zinazunguka mawe, na mawe yenyewe mengine yamepandana juu ya mengine kana kwamba mtu aliyapanga akaondoka kabla hajamaliza. Ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, kati ya miamba mikongwe kabisa ya bara hili. Yaliganda chini ya ardhi, kisha udongo uliokuwa juu yake ukamomonyoka kwa muda usiohesabika, na yakabaki wazi kwenye jua na mvua, yakipasuka kufuata nyufa zake na kujichonga kuwa ya mviringo.

Maarufu kuliko yote ni Jiwe la Bismarck, lililosimama ndani ya maji karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani walilipa jina la kansela wao, Otto von Bismarck, na ingawa utawala wao uliondoka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jina lilibaki. Hilo ni la kupigia picha. Kwa kupanda, vijana huenda kwenye vilima: Capri Point unapouona mji mzima na ghuba yake, au Isamilo, kilima ambacho wenyeji hukihusisha na John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa akiwa Mwanza mwezi Agosti 1858 na kulibandika jina la malkia wake.

Kupanda mwamba wa Mwanza hakuhitaji kamba wala vyuma, kunahitaji raba zenye soli kavu na akili. Asubuhi upande wa kivulini huwa na umande, na ukungu mweusi unaoota juu ya jiwe huteleza kama sabuni. Jiwe linaloonekana zima huweza kuwa na tabaka la juu lililokwisha kubanduka. Likigongwa kwa kiganja hutoa sauti ya uwazi, na hapo si pa kukanyaga. Kosa la kawaida ni kupanda pasipo na njia ya kushukia, kwa kuwa macho huona pa kushika wakati wa kwenda juu, lakini wakati wa kurudi miguu hutafuta pa kukanyaga bila kuona.

Juu ya mawe hayo kuna wenyeji wengine. Pimbi huota jua asubuhi na kupiga kelele wakishtuka. Mjusi dume wa mwambani, ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na jiji lenyewe, ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, rangi zilizomfanya afananishwe duniani kote na Spider-Man wa sinema. Watoto wa Mwanza wamemzoea kiasi kwamba hawamtazami mara mbili.

Kuvuka maji

Karibu kabisa na mji kuna Kisiwa cha Saanane, ambacho mashua huondoka Capri Point na kukifikia kwa dakika chache tu. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo kabla serikali haijakichukua na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza ya aina yake nchini. Mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Pamoja na maji yake kina kilomita za mraba 2.18 tu, eneo ambalo kundi la marafiki huweza kulimaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana: swala pala kwenye nyasi, tumbili mitini, mamba majini, na mwamba wa kukaa kutazama jiji kutoka upande wa pili. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na wanafunzi wengi wa Mwanza wamemwona mnyamapori wao wa kwanza hapo.

Wenye siku tatu au nne na mfuko mzito kidogo hutazama magharibi, kwenye Kisiwa cha Rubondo. Hicho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, chenye eneo la kilomita za mraba 456.8 pamoja na maji na visiwa vidogo. Msitu wake una historia ya ajabu. Kati ya 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt, likiongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 waliokuwa wamefugwa katika bustani za Ulaya na kuwaachia huru kisiwani. Wanyama waliozoea vizimba na kupewa chakula walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota vya kulalia, na uzao wao ungalipo. Kuna pia nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu za kutembelea matope. Safari ya kwenda upande huo imerahisishwa na Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kama kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Kabla ya hapo, msafiri wa Geita alipanga foleni ya kivuko na kuomba Mungu.

Kaskazini kuna Ukerewe. Meli ya kwenda Nansio huchukua saa kadhaa, na wengine huzunguka kwa Bunda na kuvukia Kisorya. Baiskeli ndiyo usafiri unaokifaa kisiwa: barabara hupita kwenye michungwa na mashamba ya muhogo, hadi Bukindo lilipo jumba la zamani la watemi. Ukerewe ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 na kusubiri miaka 35 ikachapishwa kwa Kiswahili. Ng'ambo ya pili, Ukara, kuna jiwe ambalo wenyeji husema hucheza likiimbiwa. Wageni huvuka kwenda kulijaribu.

Usiku wa kambi ufukweni una kitu ambacho hakilipiwi kiingilio. Kwenye giza la mwezi, wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, wavu hupitishwa chini yao, na upeo wote wa ziwa hujaa nukta za taa mpaka alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu kazi hiyo hupungua, kwa sababu mwanga wa taa hauna nguvu ya kuwavuta. Anayetaka kuziona taa apange kambi yake kwa kalenda ya mwezi.

Chakula cha safari hakihitaji duka kubwa. Kiangazi ndicho wakati wa michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa hadi vikauke kabisa, hupikwa baadaye. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa, kwa hiyo huliwa hivyohivyo, matamu na magumu ya kutafuna, pamoja na karanga za kukaanga. Mfuko wa matobolwa hukaa miezi bila kuharibika na haumwagiki kwenye begi. Mwaloni akipatikana sato mbichi, chumvi na ndimu, kundi limekula.

Siku 57 za Lady Alice

Safari mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuanzia ufuko huu iliondoka Kageye, kijiji kilicho kando ya Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Februari 1875, Henry Morton Stanley alifika hapo akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Machi 8 aliingia majini na mabaharia 11 na kulizunguka ziwa lote, akarudi Kageye mwanzoni mwa Mei.

Vitabu vimelikuza jina la Stanley, ila waliovuta makasia walikuwa waungwana wa Unguja na pwani, wakiwa chini ya nahodha wao, Wadi Safeni. Waliondoka wakati wa masika, msimu mbaya kabisa wa kuwa ziwani ndani ya mashua ndogo. Katika kisiwa cha Bumbire walishambuliwa na kunyang'anywa makasia, wakajiokoa kwa kung'oa mbao za ndani ya mashua na kuzitumia kupigia makasia mpaka walipofika mbali. Waliporudi Kageye walikuta mwenzao, Frederick Barker, amekwisha kufa kwa ugonjwa.

Kageye ilikuwa pia kituo cha misafara, ikiwamo ya watumwa, na ndipo wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walipoondokea kwa mitumbwi kwenda Buganda mwaka 1879. Mtu anayekwenda leo hutazama maji yaleyale. Ni safari nzuri ya siku moja ukiunganisha na Bujora, na vijana wenye baiskeli imara huziweza zote mbili kwa wikendi.

Barabara hiyohiyo ya Musoma ikiendelea hupita Magu na kufika Lamadi, karibu na lango la Ndabaka, ambako mbuga ya Serengeti hukaribia ziwa. Kati ya Juni na Julai nyumbu wanaohama huwa wanapita ukanda huo wa magharibi kuelekea kaskazini. Wakazi wengi wa Mwanza hawajui kwamba tamasha linalowaleta watu kutoka Japani na Marekani liko saa chache tu kutoka stendi yao.

Ziwa halina mzaha

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ndilo kubwa kuliko yote Afrika. Halina kina kirefu sana, pengine mita 80 na ushei panapozidi, na hilo huwadanganya watu. Ziwa pana lisilo na kina huchafuka haraka upepo ukivuma. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, pepo za kutoka pande zote huelekea ziwani na kukutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili huwa usiku na alfajiri, na ndiyo maana kundi la matembezi halina sababu ya kuvuka gizani.

Mwanza haijasahau Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia kufika, na watu 894 kuhesabiwa kuwa wamekufa kwa mujibu wa takwimu za serikali. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Mwezi ulikuwa wa kiangazi, pwani ilikuwa inaonekana, na wengi waliokuwamo walikuwa wanatoka mnadani na bidhaa zao. Kilichoua ni watu kuzidi ndani ya chombo, wala si umbali.

Kwa kundi linalokodi mashua, masharti ni machache na hayana mjadala. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea, avae kweli, asilikalie kama mto. Idadi ya watu iulizwe kabla ya kupanda, ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye chombo. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania isikilizwe, na mvuvi wa mwalo huo aulizwe pia. Akisema leo hapana, ni hapana. Pombe ibaki nchi kavu hadi safari iishe.

Adui wa pili haonekani kwa macho. Kichocho kimeenea sana katika mwambao wa Mwanza. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wanaoishi kwenye majani ya ukingoni, kisha hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Huipenya kwa dakika chache bila maumivu makubwa, na vingi huwa majini wakati wa jua kali la mchana, saa ileile ambayo vijana hupenda kuoga. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo, ambayo hukaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka utumbo, na mayai yake huharibu utumbo na ini kidogo kidogo kwa miaka. Homa, tumbo kuuma au damu kwenye choo huweza kuja wiki nyingi baada ya safari, wakati mtu ameshasahau kwamba aliingia majini.

Ufuko wenye matete, magugu maji au maji yaliyotuama ndio wa kuogopwa zaidi. Maji ya kuogea kambini yanaweza kuchotwa jioni na kuachwa kwenye ndoo iliyofunikwa siku nzima na zaidi, kwa sababu vijidudu vilivyomo havidumu bila kupata mwili wa kuingia; au yachemshwe. Aliyekwisha kuogelea aende kupima. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na hutolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo wataalamu hushauri itumike wiki sita hadi nane baada ya mtu kuingia majini, si siku ya pili yake.

Halafu kuna moto. Nyasi za Julai zimekauka, upepo upo, na kambi iliyoacha makaa chini ya mti huweza kuunguza malisho ya kijiji kizima. Makaa yamwagiwe maji mpaka mkono uweze kuyagusa.

Kundi zuri linaanza kabla ya safari

Vijana wa siku hizi wana vifaa ambavyo rika la zamani halikuwa navyo: ramani kwenye simu, tochi, hema jepesi, namba ya dharura. Mara nyingi wanachokosa ni nsumba ntale. Makundi mengi ya marafiki hutoka bila mtu mwenye mamlaka ya kusema turudi. Kila mmoja anadhani mwenzake ameuliza habari za mashua, ameleta dawa za huduma ya kwanza, amemwambia mzazi watakakolala. Jua likizama ndipo hugundulika kwamba hakuna aliyefanya lolote kati ya hayo.

Kumchagua kiongozi hakuondoi raha. Chama cha Skauti kimewalea vijana wa Tanzania kwa utaratibu huo kwa miongo mingi: kikosi kidogo, kiongozi wake, zamu za kupika, zamu za kulinda. Kundi la marafiki sita linaweza kuiga bila sare wala salamu. Mmoja aongoze, mmoja ashike fedha, mmoja abebe dawa. Asiyejua kuogelea ajulikane mapema na asione aibu kusema. Abaki mtu mmoja nyumbani mwenye orodha ya majina, mahali wanapokwenda na saa ya kurudi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto wa mwambao anakua akiyaona maji kila siku, lakini wapo wengi mno wasiojua kuogelea, kwa sababu walikatazwa kwenda ziwani bila kupewa mahali pengine pa kujifunzia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto na vijana ni sehemu kubwa yao. Tangu mwaka huohuo Umoja wa Mataifa umeiteua Julai 25 kuwa Siku ya Kuzuia Watu Kufa Maji. Kwa Mwanza tarehe hiyo iko katikati ya Sabasaba na Nanenane, wakati mwafaka kwa shule, makanisa, misikiti na vyama vya michezo vyenye uwezo wa kupata bwawa au mkufunzi kuanza kuwafundisha watoto.

Kwa wanaojiandaa kwa kiangazi kijacho, mahali pa kuanzia ni Bujora: nauli ni ya daladala, na makumbusho yana mengi ya kujifunza kuhusu vijana waliotembea kwa makundi kabla yao. Kutoka hapo waende watakako, miambani au visiwani. Na wakifika mwaloni wakakuta mashua imejaa, wasipande hata mmoja, hata kama nauli imeshalipwa.